Twaenda Accra kununua vitenge, ajenti adai elfu kumi na nane za viza. Ni haki?

BintiKibokoni aliandika:

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Nauza leso na vitenge Mtaa wa Biashara, hapa Mombasa. Duka ni la shangazi yangu, lakini mimi ndiye nisimamaye siku nyingi. Tumechoka kununua mali mkono wa tatu. Kitenge kikitoka Accra hupokewa na mtu Nairobi, yule akamuuzia mtu wa hapa, nasi tukachukua kwake. Kikifika rafuni kwetu mteja akisikia bei huondoka hata hajakigusa. Kwa hivyo tumeamua kwenda wenyewe, Accra kwanza, na mambo yakienda vizuri tupite Lomé ya Togo na Cotonou ya Benin, maana kuna wateja wa harusi wanaotaka waksi, vitenge vya nta, za huko.

Sasa tumekwama kwenye makaratasi. Ajenti mmoja wa mjini ataka shilingi 18,000 kwa kila mtu, asema ni viza ya Ghana "ya haraka", na pasipoti zetu kabaki nazo. Jirani yetu dukani naye ashikilia kwamba Mkenya haombi viza Ghana. Nimeuliza huku na huku, kila mtu na lake. Shangazi ana miaka 64, ana presha lakini anakunywa dawa zake vizuri, na hajawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Pasipoti yake imebakisha miezi minne kwisha. Kuna pia sindano tunayoambiwa ni lazima. Mwenye kujua kwa hakika, si kwa kusikia, naomba anielekeze. Tunataka kuondoka kabla msimu wa harusi haujaanza.

---

MamaSalma_Majengo alijibu:

Waaleikum salaam mwanangu. Kabla ya yote, kesho asubuhi msifungue duka mpaka mmekwenda kwa huyo ajenti na kuchukua pasipoti zenu. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya, wewe umepewa uitunze. Haikai kwenye droo ya mtu.

Jirani yako amesema kweli. Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza kuingia Ghana kwa matembezi wala kwa kwenda kununua mali. Kenya imo katika nchi ambazo Ghana imezisamehe viza, na wao wakija kwetu ni vivyo hivyo. Mimi hupita pale uwanjani Accra na pasipoti hii hii ya Afrika Mashariki, nagongewa muhuri, naingia.

Mkanganyiko naujua ulikotoka. Mwaka 2016 Ghana ilitangaza kwamba raia wa nchi za Umoja wa Afrika watapewa viza wakifika uwanjani. Tangazo lile liliwafaa wale ambao nchi zao hazikuwa na msamaha, lakini watu walilisikia nusu, na kuna maajenti walioona mlango wa riziki. Halafu Januari 2025, Rais Akufo-Addo akiwa anaondoka madarakani, akatangaza kwamba Waafrika wote waingie bila viza. Kwa hivyo ukiiangalia kwa upande wowote, hizo elfu kumi na nane hazina pa kwenda ila mfukoni mwake. Na ukitaka kusikia kutoka kwa wenyewe, ubalozi wa Ghana uko Nairobi, mpigie simu mtu wa pale bila kupitia kwa mtu.

Lakini sikiza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanaporudishwa. Kutokuwa na viza hakuna maana ya kwenda mikono mitupu. Mtu wa kwanza kukuzuia si ofisa wa Ghana, ni yule mfanyakazi wa ndege kwenye kaunta hapa hapa Kenya. Shirika likimpeleka abiria asiye na haki ya kuingia, hulazimika kumrudisha, kwa hivyo wao huogopa kuliko hata uhamiaji. Kuna safari niliyokutana na kijana kwenye kaunta akaniambia, "Mama, sioni viza yako." Nikamwambia kwa upole, "Baba, fungua Timatic uandike Kenya na Ghana." Timatic ndio mfumo ambao mashirika ya ndege hutazamia masharti ya kila nchi. Akafungua, akasoma, akanyamaza, akanipa kibandiko cha mizigo. Usigombane nao na usipandishe sauti. Lijue jina la mfumo tu, na ukiona bado hana hakika mwombe amwite msimamizi wake.

Mezani weka pasipoti yenye uhai wa miezi sita kutoka siku ya kufika, tiketi ya kurudi, mahali mtakapolala palipoandikwa jina na simu, na kadi ya homa ya manjano. Hiyo kadi ndiyo viza yako ya kweli Ghana. Pale Accra, hata kabla hujafika kwa uhamiaji, kuna watu wa afya wamesimama wanaiangalia moja moja. Kila abiria kuanzia mtoto wa miezi tisa anatakiwa awe nayo.

Kwa uhamiaji watakuuliza umekuja kufanya nini. Jibu ni fupi na la kweli: tumekuja sokoni kununua nguo, tunarudi tarehe fulani. Usiseme umekuja "kufanya kazi", hata kama kwetu biashara ni kazi. Kazi kwao ina kibali chake, na neno hilo moja litakuweka kando nusu saa. Muhuri ukigongwa usiondoke dirishani kabla hujasoma siku alizokuandikia. Watu hudhani ni siku tisini kwa kila mtu, kumbe ofisa anaweza kukuandikia pungufu, na ile aliyoandika kwa kalamu ndiyo sheria yako. Ukiona hazikutoshi, unaomba nyongeza uhamiaji kabla hazijaisha.

Sasa Lomé na Cotonou. Hapa ndipo nataka mkae chini na karatasi na kalamu, kwa sababu kila mpaka ni nchi na kila nchi ina desturi yake. Watu wa kule wana jumuiya yao, ECOWAS, nao hupita kwa kitambulisho kama sisi na Uganda. Sisi hatumo. Ukiona mwanamke wa Kighana anapita Aflao, mpakani mwa Ghana na Togo, na beseni lake kichwani hajasimamishwa, usimfuate ukadhani na wewe wapita hivyo.

Benin ni rahisi. Ilifungulia Waafrika wote, hadi siku tisini, bila viza. Nawapenda kwa hilo na nalisema wazi. Nchi ndogo ile imefanya kitu ambacho wakubwa wengi wamebaki kukihutubia. Togo, iliyo katikati yao, ina utaratibu wake, na maombi hufanywa mtandaoni kwenye voyage.gouv.tg. Ingia mwenyewe kwenye ukurasa huo, chagua uraia wa Kenya, usome unachodaiwa wiki hiyo unayosafiri, ujaze ukiwa bado Mombasa. Usiache mpaka umefika Aflao na mizigo. Mpaka ule umegandana na mji, ukivuka geti tu uko ndani ya Lomé, na kwenye geti kumejaa vijana wa kukwambia "mama, nipe pasipoti nikusaidie". Hapana. Dirishani unakwenda kwa miguu yako mwenyewe.

Na jambo ambalo ajenti hatakwambia: mkitoka Accra kwa gari hadi Cotonou kisha mrudi Accra kupanda ndege, mtakuwa mmeingia Togo mara mbili. Kibali cha kuingia mara moja hakitoshi. Na Ghana nayo mtaingia upya, na maswali upya. Ama chukueni tiketi ya kuingilia Accra na kutokea upande wa pili, ama muache Cotonou safari hii mkomee Lomé, ndege za Ethiopian hutua pale. Kwa watu wanaokwenda mara ya kwanza, na mmoja ni mtu mzima, mimi ningesema Accra na Lomé peke yake.

---

NesiMstaafu_Tudor alijibu:

Bi Majengo amesema ya maana, mimi niongeze upande wa sindano kwa sababu ya huyo shangazi. Nimefanya kazi ya chanjo miaka mingi na hili la umri watu hulipuuza.

Chanjo ya homa ya manjano ni sindano moja, mara moja maishani. Kadi huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa. Ukichomwa Jumatatu na ukasafiri Ijumaa, kadi hiyo ni karatasi tu. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi haina mwisho, na hata kama una ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali kwa maisha yako. Akikwambia mtu uchomwe tena ndipo usafiri, muulize anasoma wapi.

Kwa shangazi wa miaka 64 ambaye hajawahi kuchomwa, msiende tu kupanga foleni. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa watu wa miaka 60 na zaidi wanaochomwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra sana, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Presha yenyewe haizuii. Kinachomzuia mtu ni kinga ya mwili iliyoshuka sana, matibabu ya saratani, ugonjwa wa tezi ya thaimasi, au mzio mkali wa mayai. Mama mjamzito na anayenyonyesha mtoto mchanga nao huzungumza na daktari kwanza. Mpelekeni kwa daktari wake wa presha, abebe na dawa zote anazokunywa, waamue pamoja. Wengi wa umri wake huchomwa na huwa salama, wakapata homa ndogo na mkono kuuma siku mbili tatu.

Daktari akiona hafai, ndani ya ile ile kadi kuna sehemu ya kuandika kwamba mwenye kadi hawezi kupewa chanjo kwa sababu za kiafya, na daktari anasaini na kugonga muhuri. Lakini nchi unayokwenda si lazima ikubali bila maswali, wanaweza kumuweka chini ya uangalizi. Kwa hiyo ikifika hapo, piga simu ubalozini kabla ya kulipa tiketi.

Kachomweni kwenye kituo kinachotambuliwa kutoa kadi ya kimataifa. Ofisi ya Afya ya Bandari watawaelekeza, na zipo hospitali kubwa hapa mjini zinazotoa. Mkipewa kadi msiikunje mkaondoka. Simameni hapo hapo msome: jina liwe herufi kwa herufi kama la kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe, namba ya chanjo iliyokuwa kwenye kichupa, saini, na muhuri wa kituo. Nimeona kadi za watu zilizoandikwa "Fatuma" na pasipoti ni "Fatma", wakakesha nayo uwanjani. Na tafadhali, dada zangu, kadi za kununua bila kuchomwa muache. Homa hii ipo. Mwaka 2022 ililipuka hapa hapa Kenya, Isiolo. Haina dawa ya kuiua, mgonjwa hutunzwa tu mwili upigane. Na mkirudi kutoka Ghana au Togo, Kenya nayo itawadai kadi hiyo hiyo.

Malaria huko ni mwaka mzima kama kwetu Pwani. Msidhani kwa kuwa mmezaliwa Mombasa mna kinga ya kudumu. Zungumzeni na daktari siku hiyo hiyo.

---

KijanaSaiba_MwembeTayari alijibu:

Dada, pasipoti ya shangazi ianze leo. Miezi minne haitoshi, na ndege watamkataa hata kama Ghana wangemkubali. Ingieni eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, na akaunti yake mwenyewe, namba ya simu yake mwenyewe, si ya mwenye saiba, duka la intaneti. Tangu 2024 ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, ya 50 ni 9,500. Kwa safari za mipaka ya huko ningechukua ya 50 kwa sababu kila geti wanagonga wakiingia na kutoka. Mkilipa mtapata siku ya kwenda ofisi ya uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi, pale Mama Ngina Drive, kupigwa picha na alama za vidole. Abebe pasipoti ya zamani, kitambulisho na fomu zilizochapishwa. Kwa mtu wa kubadilisha si kazi kubwa, lakini hesabuni wiki, msihesabu siku. Tiketi msinunue mpaka pasipoti mpya iko mkononi, namba itabadilika. Na kadi ya chanjo nayo ichukuliwe baada ya pasipoti mpya, kwa sababu hiyo namba inaandikwa ndani.

---

BintiKibokoni aliandika:

Allah awalipe kheri nyote. Pasipoti tumezichukua. Alianza kusema tumlipe "gharama za usumbufu", shangazi akakaa kwenye kiti chake akamwambia hana haraka, atangoja mpaka wafunge. Tulitoka nazo dakika chache baadaye.

Shangazi kesho kutwa aenda kwa daktari na dawa zake kwenye mfuko, kama Bi Nesi alivyosema, na fomu ya eCitizen tumeijaza jana usiku. Tumeamua Accra na Lomé peke yake. Mama Salma, samahani nakusumbua, nina maswali mawili tu. Pesa tubebe vipi, na tukirudi na marobota pale uwanjani watu wa ushuru, KRA, watatufanya nini? Shangazi aogopa hilo kuliko ndege.

---

MamaSalma_Majengo alijibu:

Hunisumbui mwanangu. Mpe shangazi salamu zangu, huyo nampenda kabla sijamuona.

Shilingi yetu huko haina mtu wa kuichukua. Bebeni dola kwa Ghana, mbadilishe iwe sidi, pesa ya Ghana, kwenye duka la kubadilisha lenye leseni, si kwa mtu wa njiani. Lomé wanatumia faranga ya CFA, ambayo imefungwa kwa yuro, yuro moja ni faranga 655.957 miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo upande ule bora mbebe yuro kidogo, mtu hatakudanganya kwa sababu hesabu unaijua. Pesa ya CFA mliyobaki nayo maliza kule kule. Mkifikisha dola 10,000 au zaidi, pamoja na yuro ukizihesabu, mnatangaza mkitoka Kenya na mkiingia Ghana. Kutangaza hakulipiwi chochote. Kuficha ndiko kunakotaifisha.

Kuhusu KRA, mwambie shangazi asiogope wenye kofia, aogope kukosa risiti. Mali ya kuuza si mzigo wa kibinafsi, hata ukiikunja kwenye sanduku pamoja na nguo zako. Kila muuzaji wa Makola, soko kubwa la Accra, akuandikie risiti yenye yadi, bei na tarehe, hata kama ni kwenye daftari lake, na ugongewe muhuri wa duka kama upo. Mkifika, pitieni upande wa kutangaza, wekeni risiti mezani. Watakadiria, mtalipa ushuru wa nguo, ambao si mdogo, kwa hivyo uingizeni kwenye hesabu mkiwa bado Accra, kabla hamjampa mtu bei kichwani. Mzigo ukiwa mkubwa utumeni kwa shehena na wakala wa forodha mwenye leseni, msijibebeshe. Inaniuma kuona sekretarieti ya soko huru la Afrika iko Accra hapo hapo, Kenya na Ghana zote zimo, na bado mwanamke wa Mtaa wa Biashara anahesabu ushuru kwa hofu. Kuna kanuni za mahali bidhaa ilipotengenezwa zinazoweza kuwapunguzia kwa nguo iliyotengenezwa Ghana kwelikweli, lakini lazima iwe na cheti cha asili. Muulizeni wakala kabla hamjanunua, si baada.

Hapo ndipo mnapotakiwa kujua mnachokishika. Accra nguo huuzwa kwa yadi, "half piece" ni yadi sita na "full piece" ni kumi na mbili. Igeuzeni. Waksi ya kweli rangi yake imeingia pande zote mbili sawa, huwezi kujua mbele wala nyuma, na ukiisogeza karibu na jicho utaona mishipa midogo midogo pale nta ilipopasuka, na hakuna yadi mbili zilizopasuka sawasawa. Ile ya kuchapishwa upande wa nyuma ni hafifu. Kisha someni ukingo wa nguo, jina la kiwanda limechapishwa pale mfululizo. GTP wako Tema, ATL ni wa Akosombo, hao ni Ghana. Vlisco ni ya Uholanzi, hata ukiinunua Makola kwa Mghana, kwa hivyo cheti cha asili cha Ghana haipati. Muuzaji akikunja ukingo ndani usiuone, ondokeni.

Lomé sokoni, jengo kubwa liliungua Januari 2013, na kina mama wengi wa waksi walipoteza kila kitu mle. Wengine wamerudi kuuza kwenye mitaa ya kando. Ni watoto na wajukuu wa wale Nana Benz waliotajirika kwa kitenge mpaka wakanunua Mercedes-Benz zao wenyewe. Ni wagumu kwa bei lakini neno lao ni neno. Kifaransa chenu kama ni kidogo andikeni tarakimu kwenye simu mzionyeshane.

Chakula cha halali Accra msihangaike, nendeni mtaa wa Nima kwa Wahausa. Shangazi apate na mahali pa kuswali. Na dawa zake za presha azibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake zenye majina, na barua ya daktari. Saa za huko ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hivyo akiinywa saa mbili usiku hapa, kule ni kumi na moja jioni. Muulizeni daktari kesho kutwa afuate saa ipi.